Kurekodi Albamu ya Nyimbo za Mwenda Jean-Bosco: Mwongozo kwa Mwimbaji wa Lubumbashi

Ukitangaza hapa Lubumbashi kwamba unataka kurekodi nyimbo za Mwenda, mwimbaji na mpigaji gitaa wa zamani wa Katanga, swali la kwanza utakaloulizwa ni moja tu: nani atapiga gitaa? Hakuna anayeuliza nani ataimba. Gitaa lile la vidole viwili, gumba na kidole cha shahada, limesomwa noti kwa noti na wapigaji wa Ulaya na Marekani. Maneno wametuachia sisi wenye lugha, na wengi wetu tunayaimba nusu tukimumunya.

Mwongozo huu ni wa mwimbaji, kwa hiyo mpigaji gitaa atanivumilia. Nimeshiriki kazi mbili za namna hii, moja nikiimba na moja nikikaa upande wa mashine, na makosa mengi nitakayoyataja niliyafanya mwenyewe.

1. Sikiliza mwezi mzima kabla ya kuchagua wimbo

Mwenda alizaliwa mwaka 1930 upande wa Bunkeya, mji wa mfalme Msiri na watu wake Wayeke. Mwaka 1952 Hugh Tracey, mtafiti wa muziki, alimkuta Jadotville, yaani Likasi ya leo, akamrekodi, na wimbo wake "Masanga" ukatoka kwenye sahani ya santuri na kusambaa sehemu nyingi za Afrika. Alikufa kwa ajali ya gari nchini Zambia mwaka 1990. Kati ya 1952 na 1990 alirekodi mara nyingi, na wimbo uleule hautoki sawasawa kila mara: mwendo unabadilika, beti zinapungua au kuongezeka, sauti ya kijana inakuwa sauti ya mzee. Kama unajua toleo moja tu, hujaujua wimbo.

Unapotafuta, tumia majina yake yote. Sahani za zamani zinaandika Mwenda Jean-Bosco au Jean-Bosco Mwenda. Mwaka 1972 Mobutu alipoagiza watu waache majina ya Kizungu, yeye naye akajulikana kama Mwenda wa Bayeke. Mtu anayetafuta "Bosco" peke yake atakosa rekodi za uzeeni. Hazina kubwa ya rekodi za Tracey iko kwenye maktaba ya muziki aliyoianzisha mwaka 1954, ambayo leo iko Chuo Kikuu cha Rhodes, mji wa Makhanda, Afrika Kusini. Usiogope kuwaandikia.

Jambo moja la kiufundi litakuokolea ugomvi. Sahani zile zilizunguka mara 78 kwa dakika. Aliyeihamishia sahani kwenye kompyuta kwa mashine inayozunguka mara 80 amepandisha wimbo karibu robo ya toni bila kujua. Ndiyo maana unapiga gitaa lako pamoja na rekodi na hazikubaliani hata kidogo, halafu unamlaumu aliyefunga nyuzi. Tafuta toleo la pili, linganisha, kisha punguza mwendo wa faili mpaka ikae sawa na gitaa lako. Fanya hivyo kabla ya kuamua chochote kuhusu toni.

Nyimbo kumi zinatosha. Sahani ya wakati ule ilibeba kama dakika tatu kila upande, na nyimbo zilitungwa zikae humo. Ukiurefusha wimbo wa dakika tatu uwe wa dakika saba kwa sababu leo hakuna anayekuzuia, utausikia ukichoka mikononi mwako. "Masanga" usiiweke ya kwanza. Kila mtu anaingoja, mwache aingoje. Na ukitaka kumkaribisha Edouard Masengo kwa wimbo mmoja, ni sawa, walikuwa ndugu na walipiga pamoja, ila kumbuka kwamba huyo ni mtunzi mwingine na ruhusa yake ni nyingine.

2. Andika maneno kwa mkono, kisha yapeleke kwa wazee

Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo. Kaa na daftari, sikiliza mstari mmoja, simamisha, andika unachosikia hata kama hakina maana. Pale usiposikia vizuri acha nafasi tupu, usijaze kwa akili yako. Nilipofanya mara ya kwanza nilijaza. Kulikuwa na neno nililolisikia kama jina la mwanamke, nikaliimba kwa huzuni miezi miwili, mazoezini na hata kwenye matanga. Siku niliyoimba mbele ya mzee mmoja wa Kamalondo alinisikiliza mpaka mwisho, akaweka kikombe chini.

"Mwanangu, huyu mwanamuke unamulilia ni nani?"

Nikamtajia jina.

"Ile haiko mwanamuke. Ile ni jina ya fasi. Unalilia kituo ya treni."

Kwa hiyo nenda na daftari lako lenye nafasi tupu kwenye mitaa yetu ya Kamalondo, Kenya (mtaa, si nchi) na Katuba, na ukiweza panda gari mpaka Likasi, kilomita mia na kidogo tu. Watafute waliokuwa watoto au vijana miaka ya 50 na 60: mafundi wa zamani wa kampuni ya madini ya Union Minière, wanakwaya, akina mama waliokulia kwenye kambi za wafanyakazi. Usifike na mikro mkononi. Fika mara ya kwanza kusalimu, na usiende mikono mitupu. Sukari au kiroba kidogo cha unga vinatosha. Mwite papa, mwite mama, na kama amekuzidi umri kidogo tu mwite yaya, yaani kaka au dada mkubwa. Mara ya pili ndipo ucheze wimbo kutoka kwenye simu. Chukua spika ndogo ya kuongeza sauti, maana masikio ya mzee na spika ya simu havipatani, na anaweza kukubali neno lolote unalompa kwa sababu tu ana aibu kusema hakusikia.

Usimuulize "hapa anasema nini?" peke yake. Muulize: jambo hili mlilisema lini, kwa nani, mlicheka au mlikasirika? Nyimbo nyingi za wakati ule ni shauri, utani au kisa cha jirani, na sauti ya utani si sauti ya msiba. Mzee mmoja akikupa maana, tafuta wa pili. Wakipishana, andika zote mbili kwenye daftari na uimbe ile inayokaa vizuri na mstari unaofuata.

3. Usimsahihishe

Kila mwimbaji aliyesoma ana mwalimu wa Kiswahili ndani ya kichwa chake. Mtoe nje kwa muda. Mwenda aliimba Kiswahili cha Katanga, lugha ya kambi na ya soko, yenye *muke*, *muzuri*, *batu*. Ukiimba *mke* na *mzuri* ili wasikilizaji wa Dar es Salaam wasikucheke, unaharibu vitu viwili. Kwanza, unabadilisha anayesema: mfanyakazi wa Elisabethville, yaani Lubumbashi ya zamani, anageuka msomaji wa habari. Pili, unaharibu sauti yenyewe. Silabi *mu* ina vokali, unaweza kuivuta, kuipandisha, kuipa noti mbili. *M* peke yake inafunga midomo, na noti inabaki puani. Jaribu sasa hivi, imba neno hilo kwa namna zote mbili kwenye noti ndefu. Hutahitaji maelezo yangu.

Kuna kishawishi cha upande wa pili: kukikoleza Kiswahili cha Lubumbashi cha leo, na vipande vya Kifaransa ndani yake, kana kwamba Mwenda alikuwa kijana wa mtaani mwaka huu. Hicho pia si chake. Imba alichoimba.

4. Ruhusa

Watu wanapenda kusema "zile ni nyimbo za wazee, ni za wote". Siyo. Sheria ya Kongo ya haki za watunzi, Ordonnance-loi namba 86-033 ya tarehe 5 Aprili 1986, inalinda utunzi maisha yote ya mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake. Mwenda alikufa 1990, kwa hiyo nyimbo zake zinalindwa hadi 2040. Masengo alikufa 2003, ongeza mwenyewe. Nchi nyingine zina hesabu zao, na albamu yako ikiwa kwenye intaneti itafika huko.

Tenganisha vitu viwili. Utunzi, yaani maneno na muziki, ni wa mtunzi na warithi wake, au wa kampuni waliyoiachia haki. Rekodi ya zamani ni ya aliyeirekodi. Wewe unayeimba upya unahitaji ruhusa ya utunzi. Rekodi ya zamani huigusi, isipokuwa ukitaka kukata kipande cha sauti ya Mwenda mwenyewe na kukibandika mwanzo wa wimbo wako. Hapo unahitaji ruhusa zote mbili, na ushauri wangu ni kuachana na wazo hilo. Kuongeza ubeti wako au kutafsiri kwa Lingala nako ni ruhusa nyingine, kwa sababu unabadilisha utunzi.

Anzia SOCODA, shirika la haki za watunzi nchini, uulize nani ameandikishwa kwa kila wimbo. Kisha nenda kwa familia. Nasema familia, si mtoto mmoja uliyesoma naye. Ruhusa ya mrithi mmoja aliyekunywa soda nawe haiwafungi wengine, na ugomvi wao utaingia kwenye albamu yako. Omba kikao, eleza nyimbo zipi, zitauzwa wapi, watapata nini na lini, kisha muandike karatasi moja fupi isainiwe na wote mbele ya shahidi. Wakikuomba uondoe wimbo mmoja, uondoe.

Karatasi kama hiyo mwandikie pia mpigaji gitaa wako. Urafiki hauzuii, ila siku wimbo unapoingia kwenye tangazo la biashara mambo hubadilika.

5. Toni ni ya koo lako, si ya sahani

"Masanga" inapigwa kwa mkao wa do, yaani C. Vidole vinategemea nyuzi zinazolia wazi, na mpigaji hawezi kuhamia fa (F) au si bemoli (B bapa) hivihivi tu bila kupoteza ule mlio. Kwa hiyo mwimbaji anajikuta analazimishwa toni ya mtu mwingine. Nimesikia sauti nzuri za kike zikinong'ona chini kabisa, kwenye noti zisizo na nguvu, kwa heshima ya do.

Dawa ni kapo, kibanio kinachobana nyuzi zote kwenye shingo ya gitaa. Mpigaji anabaki na mkao uleule, vidole vilevile, wewe unapanda. Kapo kwenye kijumba cha 2, yaani nafasi ya pili kati ya vyuma vya shingoni, inakupa re, cha 3 mi bemoli, cha 5 fa, cha 7 sol. Ukihitaji kushuka, legezeni nyuzi zote toni moja, mkao wa do utalia si bemoli. Nyuzi zilizolegezwa hupiga kelele kwenye ubao, basi funga nyuzi nene kidogo.

Ujue kwamba kapo inabadilisha pia rangi ya gitaa. Kwenye kijumba cha 7 gitaa linakuwa jembamba, linalia karibu na likembe, kile kinanda kidogo cha vidole gumba. Wapo wapigaji wasioipenda sauti hiyo. Mimi naipenda sana chini ya sauti ya mwanamke, kwa sababu gitaa linapanda juu na kuacha nafasi katikati. Jaribuni kila wimbo kwenye toni tatu, rekodini kwa simu, msikilize kesho yake asubuhi. Usiku ule ule masikio yanadanganya.

6. Mazoezi: fuata gumba

Katika upigaji huu gumba linashika besi, linatembea bila kusimama. Kidole cha shahada kinaimba wimbo wake, na mara nyingi kinakwenda mbele au nyuma ya gumba kwa makusudi. Mwimbaji mgeni anakifuata kidole cha shahada kwa sababu ndicho kinachosikika, na baada ya mistari miwili amepotea.

Mwombe mpigaji apige gumba tu. Imba wimbo wote hivyo, ukitembea chumbani, mguu mmoja kwa kila besi. Ukishazoea, aongeze kidole cha shahada polepole, nawe uendelee kutembea. Mwishowe afanye kinyume: aache gumba, apige shahada tu, nawe uendelee kulisikia gumba ambalo halipo. Siku utakapovuka hapo bila kuyumba, mko tayari. Sisi ilituchukua wiki tano za jioni, na mpigaji wangu alikuwa na subira ya mvuvi.

Na usiige sauti yake. Mwenda aliimba kwa utulivu, karibu na mazungumzo, hakujisukuma. Utulivu huo unaweza kuuchukua. Sauti yake ya puani na kikohozi chake viache.

7. Chumba, mvua na umeme

Studio nzuri zipo mjini, lakini nyingi zimejengwa kwa ajili ya mwimbaji mmoja juu ya mdundo wa kompyuta. Uliza kwanza: je, watu wawili wanaweza kukaa chumba kimoja wakionana? Kama jibu ni hapana, tafuta sebule ya rafiki. Muziki huu unategemea kuonana. Mpigaji anangoja pumzi yako.

Rekodini kuanzia Mei hadi Septemba. Kati ya Novemba na Aprili mvua ikianza juu ya mabati, siku imekwisha. Miezi ya kiangazi ina vumbi na baridi ya asubuhi, na gitaa lililotoka kwenye baridi linashuka sauti likipata joto, kwa hiyo lipeni nusu saa chumbani kabla ya kupatanisha nyuzi. Jumapili msijaribu, kwaya tatu za jirani zitaingia kwenye albamu bila mkataba. Saa nzuri ni kuanzia saa nne usiku, mbwa wakishatulia.

Zulia chini, mablanketi mazito kwenye kuta mbili zinazotazamana, kabati la nguo likiachwa wazi nyuma ya mwimbaji. Mikro ya sauti iwe shubiri moja hadi moja na nusu kutoka mdomoni, na mbele yake soksi ya nailoni iliyovutwa juu ya duara la waya, ili *p* na *b* zisipige kama ngoma. Mikro ya gitaa ielekee pale shingo inapokutana na mwili, si kwenye tundu. Tundu linatoa mngurumo. Kaeni mkitazamana, kila mikro ikimpa mgongo mwenzake. Sauti zitaingiliana kidogo. Ziache.

Weka programu kwenye biti 24, na vilele vya sauti visizidi desibeli 6 chini ya sifuri. Watu wanaogopa sauti ndogo wanarekodi juu kabisa, halafu mstari wenye hisia kuliko yote unapasuka.

Mdundo wa mashine masikioni? Sisi tuliuacha. Tulichofanya ni kuusikiliza sekunde kumi kabla ya kila kuanza, kisha tukauzima. Hivyo mara ya pili na mara ya sita zinakuwa karibu kimwendo, na ukitaka kuchukua ubeti kutoka moja kwenda nyingine unaweza, lakini wimbo unapumua.

Umeme utakatika, hilo lipange. Kompyuta ya mkononi yenye betri nzima, na kifaa cha sauti kinachojilisha kutoka kwenye kompyuta hiyo, vitakupa saa mbili. Jenereta iwe mbali au izimwe. Baada ya kila wimbo hifadhi kwenye diski mbili, moja iende nyumbani kwa mtu mwingine. Studio moja ilitupotezea nyimbo nne kwa sababu kila kitu kilikuwa kwenye kompyuta moja, na mmoja wao, tuliourekodi tena kwa hasira, unasikika hasira mpaka leo.

8. Chupa

Kwenye muziki wa gitaa wa Katanga wa zamani, chupa ya soda iliyogongwa au kukwaruzwa kwa chuma ilikuwa ngoma ya kutosha. Kabla ya kuita mpiga ngoma, jaribu chupa. Chukua ya kioo, yenye mistari ubavuni, na kisu butu au msumari mkubwa. Tupu inalia kali. Maji kidogo ndani yanabadilisha sauti, basi ongeza kijiko baada ya kijiko mpaka isigombane na toni ya wimbo. Irekodi peke yake baadaye, hatua mbili kutoka kwenye mikro, kwa sababu ukiipiga pamoja na sauti itaingia kila mahali. Kwenye nyimbo kumi, itumie kwenye tatu.

Ngoma za kompyuta, kinanda, saksafoni: ni albamu yako. Mimi ningeacha.

9. Kuchanganya na kutoa

Kuchanganya ni kazi ya siku mbili ikiwa mlirekodi vizuri. Sauti mbele, gitaa karibu nayo, mwangwi kidogo sana. Usikubali fundi anyooshe noti zako kwa mashine. Kwenye nyimbo hizi noti zinazoteleza ni sehemu ya matamshi.

Kabla ya kupeleka kwenye majukwaa ya intaneti, jaza majina kwa uangalifu. Mahali pa mtunzi liandikwe jina la Mwenda, si lako. Mahali pa mwimbaji lako. Mpigaji gitaa naye atajwe kwa jina kamili. Kila wimbo uwe na namba yake ya ISRC, yaani namba ya kimataifa ya kutambulisha rekodi, herufi na tarakimu 12, na wasambazaji wengi wanakupa. Sehemu inayouliza kama wimbo ni wako au ni wa mtu mwingine, jibu kweli. Wanaojibu uongo hapo ndio wanaoamka asubuhi wakakuta albamu imeondolewa.

Lakini wengi wa wasikilizaji wako wa hapa hawatakupata huko. Wana redio yenye tundu la flashi, iko jikoni au kwenye duka la kunyoa. Basi tengeneza flashi kwa ajili ya wazee waliokusahihisha maneno. Weka MP3 za kawaida, na mwanzo wa kila jina la faili andika 01, 02, 03, maana redio hizo mara nyingi hazijui mpangilio wa albamu. Zinafuata majina, au zinafuata faili ipi iliingia kwanza. Kwa hiyo nakili moja baada ya nyingine, kwa utaratibu. Usiweke picha wala folda ndani. Peleka mwenyewe, ichomeke kwenye redio ya mwenye nyumba, na usiage kabla wimbo wa pili haujaanza, kwa sababu redio nyingine hucheza wa kwanza kisha zikakwama.